Ubao wa Hanzawa

Mafinga,
10 Novemba 2024

Mwanangu Goodness, kamwene.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na huyo uliyembeba. Sisi huku hatujambo, ukiacha mvua ambayo imegoma na masikio yangu ambayo yamegoma kabisa. La kushoto ulijua lilikufa zamani. Sasa na la kulia limelifuata. Ni ule msumeno wa kiwandani, sina wa kumlaumu, niliusogelea mwenyewe kila asubuhi. Ukinipigia simu naona taa inawaka tu. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, na mumeo Ambokile nimemfanya posta: lori lake la mbao likipita kwenda Tunduma likuletee yangu, likirudi liniletee yako. Meseji sizitaki. Meseji ni za kuambiana umefika salama.

Nina neno. Jumapili ya mavuno tarumbeta walimaliza wimbo, mimi nikaendelea na ngoma. Sikujua. Nilikuwa nimefumba macho kama kawaida yangu. Nilipofumbua nikaona kwaya nzima inaniangalia, na watoto wa benchi la mbele wameziba midomo. Baada ya ibada mzee wa kanisa Philbert akaniandikia nyuma ya bahasha ya sadaka: "Pumzika sasa, Mzee Sosthenes." Ngoma amepewa Samwel, wa kwaya ya vijana.

Ningenyamaza. Lakini mama yako amesema kitu, midomo yake naisoma. Unajua tulivyokutana: alfajiri ya Pasaka, tarumbeta zinazunguka mitaani kuamsha watu, naye akatoka nje kajitanda blanketi kuangalia ni nani anayepiga ngoma kwa fujo namna ile. Sasa anasema siku yake ikifika, wa kumpigia mpaka kaburini niwe mimi, si Samwel. Usishtuke. Ni maneno ya watu wazima wanaoota moto jikoni. Ila nimemwahidi, na ngoma sina, na masikio sina.

Ndipo nikawakumbuka wale Wajapani wako, waliokuwa wakinguruma kwenye redio yako ulipokuwa kidato cha tatu mpaka nikatishia kuitupa kwenye jiko la maranda. Uliniambia mpiga ngoma wao alikuwa kiziwi. Nikadhani unanitania. Aliwezaje? Niandikie habari zao zote tangu mwanzo. Usiruke kitu.

Ni mimi baba yako,
Sosthenes

Mimi mama. Kula mayai. Usinyanyue spika.

*

Iyunga, Mbeya,
24 Novemba 2024

Baba yangu, shikamoo. Na mama yangu shikamoo yake peke yake, asije akasema nimewachanganya.

Sijambo. Mayai nakula mpaka nawaonea kuku huruma. Spika sinyanyui, nakaa kwenye stuli hapa kibandani naunganisha nyaya tu, mizigo anabeba Ambokile. Huyu mtoto anaonekana ameamua kukaa, si kama wale wawili waliotangulia. Tuombe.

Baba, nimesoma barua yako mara mbili nikicheka, halafu ya tatu sikucheka. Pole kwa masikio. Pole na kwa ngoma. Mzee Philbert na bahasha yake, nikikutana naye tutaongea.

Haya, Wajapani. Kundi linaitwa Shimobashira. Ni ile barafu ya sindano inayoinua udongo asubuhi za mwezi wa saba huko kwetu, ukiikanyaga inakatika chini ya kiatu. Wenzetu wana neno lake moja. Yule mwalimu wa fizikia wa kujitolea aliyeniachia sidii zao alitoka mji wao, na mpaka leo huniandikia. Ninayokuambia mengi ni yake.

Walianza mwaka 1989, watu watatu, kwenye ghala la mashine ya kukoboa mpunga. Morikawa alipiga gitaa na kuimba, kama unakubali kunguruma kule kuitwe kuimba. Etsuko, mwanamke, besi. Hanzawa, ngoma. Mchana huyo Hanzawa alifanya kazi kiwanda cha mbao. Sijaongeza chumvi, baba. Mwanzoni walipiga metali nzito, ule muziki wa magitaa ya kelele, kama wenzao wote, mbio mbio, nywele mpaka kiunoni. Hawakuwa wazuri. Kisha ikaja baridi moja kali, ghala halina moto, vidole vimekufa ganzi, mbio hawaziwezi. Wakapiga polepole. Morikawa akasema hapa hapa, tusirudi tulikotoka.

Tangu hapo wimbo mmoja ukawa unajaza upande mzima wa kaseti. Wakaanza kuburuta minyororo juu ya bati, wakaingiza msumeno, albamu ya pili wakairekodi ndani ya handaki la maji ili kila pigo lirudi limechelewa. Watu wakawa wanatoka ukumbini kama wewe ulivyokuwa unatoka sebuleni. Kampuni ya kurekodi ikawatema. Kaseti wakaziuza wenyewe nje ya stesheni ya treni, kwenye theluji.

Naishia hapa, Ambokile anapiga honi.

Mwanao,
Goodness

*

Mafinga,
15 Desemba 2024

Goodness mwanangu, kamwene.

Hali zetu ni za kuridhisha. Mvua imeanza. Mama yako amepungua kidogo, ni kazi za shamba, si unamjua hakai.

Barua yako nimeisoma kwa sauti ili mama yako asikie, mwenyewe sijisikii. Alinipiga kofi la mguu, kumbe nilikuwa napiga kelele mpaka jirani wamekuja kuuliza kuna nini. Tumecheka sana. Hilo la kupiga polepole kwa sababu ya baridi nimelielewa. Hata sisi mazishi ya mwezi wa saba tunapiga polepole, midomo ya wapuliza tarumbeta imekauka, na watu husema ndipo tulipopiga vizuri.

Lakini umenizungusha. Nimekuuliza aliwezaje, wewe umenipeleka stesheni ya treni. Samwel huku anapiga kama anafukuza kuku. Sisikii, namwona mkono. Fanya haraka.

Ni mimi baba yako,
Sosthenes

Mimi mama. Mzima. Jina la mtoto msiharakishe.

*

Iyunga,
6 Januari 2025

Baba, shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwenu wote wawili.

Samahani kwa kukawia. Niliona damu siku ya pili ya Krismasi. Haikuendelea, ila daktari amesema nilale mpaka nijifungue. Kulala kweli, baba. Hata kufagia hapana, na gari hapana kabisa. Kwa hiyo sitakuja Mafinga mpaka mwezi wa sita, na mtoto mgongoni Mungu akipenda. Sasa naandikia kitandani, ubao wa chapati ndio meza.

Hanzawa. Masikio yake yalianza kufa mwaka 1997, akaficha. Alikuwa anaangalia vidole vya Etsuko, akiona besi inapigwa naye anapiga. Wakajua siku taa za ukumbi zilipokatika. Spika zilitumia jenereta, muziki uliendelea, ila Hanzawa gizani alipotea kabisa. Morikawa akataka mpiga ngoma mwingine. Tena alimwambia usoni, kwa kuandika.

Etsuko akakataa. Alibeba spika yake ya besi, akailaza kifudifudi juu ya mbao zilizobeba kiti cha Hanzawa, akamwambia avue viatu. Basi. Besi ikapita kwenye ubao, ikapanda kwa nyayo. Mimi ni fundi spika, hili nakuhakikishia: sauti ni mtikisiko tu, sikio ni mlango mmojawapo. Walipiga hivyo miaka zaidi ya kumi, na albamu za wakati huo ndizo nzuri kuliko zote. Hata yule Morikawa alikubali.

Wewe mbao hazikushindi, baba. Ila ziwe kavu.

Mwanao anayelazwa kama mgonjwa,
Goodness

*

Mafinga,
2 Februari 2025

Mwanangu Goodness, kamwene sana.

Lala. Usiinuke hata nyumba ikiwaka, Ambokile akubebe. Sisi hatujambo, usitufikirie.

Sasa sikia. Nilitengeneza jukwaa la mbao za paini, zimetoka kiwandani juzi. Nikavua viatu, nikapanda, mama yako akagonga. Hamna kitu. Kama kukanyaga ugali. Miaka yote nimepasua mbao, halafu nikajengea mbao mbichi kama mtoto wa jana! Nikang'oa mlango wa lile banda la nyuma, ule wa msaiprasi niliouweka mwaka uliozaliwa. Umekauka mpaka unalia. Nikaupigilia kwenye boriti mbili, ukawa jukwaa. Mama yako akaweka kinu ncha ile, mimi nikasimama ncha hii, peku, nimefumba macho. Akatwanga.

Goodness, niliisikia. Si masikioni, ilipanda kwenye visigino mpaka magotini, mchi wa mama yako, kila pigo. Nikachukua debe, nikalipiga kumfuata. Akibadilisha, nabadilisha. Akiacha, naacha. Nililia, nikuambie ukweli, na yeye akalia. Tangu siku ile kila asubuhi ananifundisha, kama mwalimu wa zoezi.

Nikamwita Vitus wa tarumbeta na tuba yake, ile kubwa ya sauti nzito, apande na yeye. Tuba inakuja vizuri sana. Nikawaita wazee wa kanisa hapa nyumbani, tukapiga nyimbo tatu, zote nikaishia pale pale walipoishia. Mzee Philbert aliniangalia miguu muda mrefu. Ngoma imerudi.

Ni mimi baba yako,
Sosthenes

Mimi mama. Ameweza.

*

Iyunga,
16 Februari 2025

Baba yangu, shikamoo.

Hongera, hongera, hongera! Nimemwandikia yule mwalimu wa Japani, naye amesema atawapelekea habari watu wanaowakumbuka Shimobashira, kwamba kuna mzee Mafinga amejenga ubao wa Hanzawa kwa mlango wa banda.

Umeuliza kwa Ambokile walimalizia wapi. Walizeeka, wakaacha. Ni hayo tu.

Sasa zamu yangu kuuliza. Mama anatwangaje nyumbani kila asubuhi mwezi wa pili, wakati wa palizi? Nikimpigia simu anasema mzima, halafu anasema chaji imeisha. Sauti yake imekuwa ndogo. Mwandiko wake nao umeanza kupanda mlima. Mama anaumwa? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Mwanao,
Goodness

*

Mafinga,
9 Machi 2025

Mwanangu Goodness, kamwene.

Mama yako mzima. Mafua yalimkaa, yanaondoka. Palizi tumesaidiwa na majirani. Wewe lala.

Mazoezi yanaendelea. Siku hizi ananigongea kwa mwiko, mchi umepasuka. Mwiko ni mwepesi, inabidi nitulie sana ndipo niusikie, lakini ndilo zoezi lenyewe.

Umesema walizeeka, wakaacha. Mimi ni mtu mzima. Watu waliokaa kwenye theluji wakiuza kaseti hawaachi hivi hivi. Walimalizaje? Nakuuliza kwa sababu nataka kujua kinachoweza kunipata mimi, mbele za watu, siku ambayo sitapewa nafasi ya kurudia. Usinifiche.

Ni mimi baba yako,
Sosthenes

Mama yako anasema mzima. Kanituma niandike, mikono yake ina unga.

*

Iyunga,
17 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Umeshinda. Sikutaka kukuambia kwa sababu ulikuwa na furaha.

Ilikuwa mwaka 2009, ukumbi mdogo, watu wamejaa. Wimbo wa mwisho. Katikati ya wimbo waya wa ile spika ya chini ukachomoka. Besi ikawa inasikika kwa watu wote isipokuwa kwa Hanzawa. Alikuwa amefumba macho, baba, kama wewe. Akaendelea kwa kukumbuka. Wenzake wakafika mwisho wa wimbo, wakaacha. Yeye hakuacha. Etsuko akanyanyuka akamshike bega, Morikawa akamzuia mkono. Wakaweka vyombo chini, wakakaa sakafuni, na ukumbi mzima ukakaa sakafuni, wakamsikiliza Hanzawa akipiga peke yake wimbo uliokwisha. Alipiga mpaka nguvu zikamwisha. Alipofumbua macho akawaona wote wamekaa chini.

Hakupiga tena. Alirudi kwenye mbao zake, na miaka michache baadaye akafa. Kile kipande cha ngoma peke yake Morikawa alikitoa kama albamu ya mwisho, haina jina, na watu husema ndicho kitu kikubwa walichowahi kufanya. Etsuko hakuwahi kumsamehe. Alisema mtu hawezi kuachwa peke yake namna ile huku watu wamemzunguka. Morikawa akasema kumgusa kungekuwa kumnyang'anya. Hawajaongea tena mpaka leo. Shimobashira iliishia hapo, kwenye kugusa bega au kutogusa.

Mimi nipo upande wa Etsuko. Nimemwambia Ambokile: siku yoyote akiwa Mafinga, baba akapitiliza, asikae anamwangalia. Amshike bega.

Na mama usiniambie mikono ina unga. Mama huandika na mikono ya unga, barua zake zote za shule ninazo, zina unga.

Mwanao,
Goodness

*

Mafinga,
30 Machi 2025

Mwanangu, kamwene.

Nimepokea. Asante kwa kutonificha. Nimemsomea mama yako polepole, safari hii bila kupiga kelele. Yeye yuko upande wako na wa Etsuko. Mimi niko na Morikawa. Tumebishana siku mbili.

Mwiko tumeacha. Ananigongea kwa kiganja. Jukwaa tumeliingiza ndani kwa sababu ya baridi, na kitanda chake tumekisogeza mpaka hapo. Nasikia.

Wewe lala, mwanangu. Lala tu.

Baba yako

*

Iyunga,
27 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Pasaka imepita sina barua. Simu ya mama haipatikani wiki ya pili. Ambokile anasema imeingia maji. Wiki ile ya kuelekea Matawi alichelewa safari, akasema springi ya lori ilikatika Makambako, lakini viatu vyake vya kanisani, ambavyo havipandi lori, nimevikuta nyuma ya mlango vina udongo mwekundu mpaka juu. Nikamuuliza. Akasema anaenda kuniletea maji ya kunywa, na kikombe cha maji kilikuwa mkononi mwangu.

Tena barua yako ya mwisho haina salamu za mama. Hata zile za kutumwa.

Siwezi kuinuka, baba. Nimefungwa hapa na huyu mtoto. Niambie.

Mwanao,
Goodness

*

Iyunga,
6 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Amezaliwa jana mchana. Wa kike, mzima. Analia kwa nguvu, nafikiri hata wewe ungemsikia. Mwambie mama. Jina nimemwachia yeye.

Goodness

*

Mafinga,
14 Mei 2025

Mwanangu Goodness,

Nimemwambia Ambokile akae karibu nawe ukisoma, na mama mkwe wako ampokee mtoto kwanza. Naomba umpe mtoto.

Mama yako ametutoka. Alikwenda Alhamisi, tarehe kumi mwezi wa nne, asubuhi, tukamzika Jumamosi yake, kesho yake Matawi. Ilikuwa kansa ya tumbo. Tuliijua tangu mwezi wa kumi, hospitali walisema turudi tu nyumbani. Aliniapisha nisikuambie mpaka ujifungue. Alisema: "Mmoja anatoka, mmoja anaingia, wasigongane mlangoni." Nilimkatalia, akanikasirikia siku nzima, nikakubali. Ambokile naye aliapishwa. Usimpige.

Shangazi zako walisema nije nao Iyunga nikuambie ana kwa ana, ndiyo desturi. Nimeshindwa. Ungelia mbele yangu nami nisingesikia.

Sasa nikuambie alivyozikwa, kwa sababu wewe ndiwe uliyenifikisha pale. Vijana walibeba jukwaa mpaka makaburini, wakalisawazisha juu ya majani. Nikavua viatu. Vitus akapanda na tuba. Nilipiga, Goodness. Nyimbo zote nilizipata, sikukosa hata moja. Wimbo wa mwisho Vitus alipoacha, nilijua ameacha. Ubao ulinyamaza. Nataka uelewe hapo. Nilijua.

Nikafumbua macho. Nikaona watu wote wamesimama wananingoja, mchungaji ameshika udongo mkononi, jeneza limeshashuka. Udongo wa kwanza ni wa mume. Bila mimi hawawezi kufukia. Nikaona kwamba nikiacha ngoma, wanafukia. Basi nikafumba macho tena, nikaendelea.

Sijui nilipiga muda gani. Watu walidhani ni uziwi. Nimeandikiwa baadaye kuwa Mzee Philbert alitaka kuja, wenzake wakamzuia. Mvua ikanyesha, nikapiga kwenye mvua. Mpaka nikaona mkono begani. Alikuwa Ambokile. Hakunivuta, aliuweka tu pale, analia, na nilijua ni mkono wako, kwa sababu ulimtuma. Nikaacha. Nikashuka, nikatupa udongo.

Morikawa alikosea. Mwambie mwalimu wako nimesema hivyo.

Salamu za mama yako za mwisho ni hizi, aliniambia midomo yake nikiitazama: mtoto mpeni jina la mtu aliye hai. Kwa hiyo si Lusia, jina lake. Mwite Anjela, jina la shangazi yako.

Nimebaki na jukwaa. Kila asubuhi nasimama juu yake, peku. Hakuna anayegonga.

Baba yako,
Sosthenes

*

Iyunga,
8 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu ulinilea hivyo, lakini leo imenipa kazi.

Nimekasirika. Wiki tatu nimekaa na barua yako sijajibu, kusudi. Mlinizikia mama yangu mkaniletea samaki wa Kyela na kunisifia nimenenepa. Ambokile analala sebuleni. Najua mlikuwa na sababu. Najua na mtoto yuko hapa kwa sababu hiyo. Nimejaribu kulia wakati ananyonya, maziwa yanakatika, kwa hiyo hata kulia ninalia kwa zamu. Ile siku ya Jumamosi nilikuwa hapa kitandani nimejifunika, nakula mayai.

Sijui nitakusamehe lini. Usinihimize.

Mtoto anaitwa Anjela. Nimetii.

Mwezi wa saba akitimiza miezi miwili tunakuja. Usimwite mtu, wala Vitus, wala wazee wa kanisa, wala shangazi. Wewe, mimi na mtoto tu. Lile jukwaa lirudishwe makaburini, ngoma nayo iwepo. Nitakaa chini, pale kutakuwa na ile barafu asubuhi, nitaleta blanketi. Unipigie kuanzia wimbo wa kwanza, kama ulivyompigia, usiruke kitu.

Na ukifika mwisho usiache, mimi bado sijamzika. Safari hii hakuna atakayekushika bega.

Mwanao,
Goodness